Penseli ya Madrid, mwiko wa Kawangware

Lucía Cano alizaliwa Madrid mwaka 1965 na kukulia katika ukoo wa ramani. Baba yake, Julio Cano Lasso, alikuwa msanifu majengo mwenye jina Hispania, na baadhi ya watoto wake wakashika penseli hiyo hiyo. Lucía alibaki katika ofisi ya familia hadi 2003, ingawa tangu 1998 alikuwa na nyingine, selgascano, aliyoifungua na mumewe José Selgas. Wambea watasema amebebwa. Na mafundi wetu je, nani hakubebwa?

Mwaka 2015 wawili hao, pamoja na ofisi ya Helloeverything, walibuni banda la maonyesho kwa makumbusho ya Louisiana, Denmark. Maonyesho yalipokwisha banda likafunguliwa vipande vipande, likasafirishwa, na mwaka 2016 likasimama Kibera, Nairobi, kama shule ya Kibera Hamlets. Ni vyuma vya jukwaa la ujenzi, mbao na shiti za plastiki zinazopitisha mwanga, basi. Aliyewahi kusomea darasa la mabati lisilo na dirisha haulizi mwanga huo una faida gani.

Lakini sifa kubwa ya jengo hilo ni kwamba linafunguka. Sehemu kubwa ya Kibera ni ardhi ya serikali. Wanubi, waliokuwapo tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, walipata hatimiliki ya ekari 288 mwaka 2017 tu. Nani atamwaga zege mahali anapoweza kuamshwa na tingatinga?

Kawangware, pia Nairobi, ni habari nyingine. Huko ploti nyingi zina wenyewe, wenye hati, na ndugu wakishagawana urithi, mabati hushuka na gorofa hupanda. Anayezipandisha mara nyingi naye ni mrithi: alianza kama mtu wa mkono wa baba au mjomba, akibeba mchanga na kuchanganya zege, mpaka siku alipokabidhiwa mwiko na timazi. Anajua maji ya mvua hupita wapi. Ramani ndiyo hana, au anayo ya kuazima kutoka ploti ya jirani.

Sheria ya usajili wa wasanifu, ambayo ni ya tangu 1934, haimtambui fundi huyo, na haikosei. Mwaka ule ule shule ilipohamia Kibera, usiku wa Aprili 29, gorofa ya mtaa wa Huruma iliporomoka ikaua watu wapatao 50. Uzoefu wa mjomba haupimi uzito wa orofa ya sita.

Kosa liko kwingine. Mhitimu wa usanifu hutakiwa kufanya kazi chini ya wakubwa kabla ya kusajiliwa, na wengi huimalizia mbele ya kompyuta za Kilimani na Westlands. Bodi ya usajili ingedai sehemu ya muda huo itumike kwenye mjengo wa Kawangware: mhitimu akague nondo kabla ya slabu kumwagwa, achore ramani ambayo mwenye ploti anaweza kuilipia, naye fundi amwonyeshe pale bomba la jirani linapopita chini ya msingi. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi tayari ina utaratibu wa kuwaidhinisha mafundi, kwa hiyo mahali pa kuanzia kuwatafuta walimu hao panajulikana. Na umbali si kisingizio: kutoka mtaa wa Lavington hadi Kawangware ni mwendo wa miguu.