Bismillahi, Kisha Kalamu



Tulipozuru Nyeri, mama mmoja alitueleza dhiki yake. Bibi yake, mkongwe sasa, ndiye pekee aliyebaki katika ukoo wao anayejua jinsi wazee wao walivyofika mjini hapo. "Natamani kuyaandika, shekhe, lakini kitabu ni kazi ya wasomi. Nikishika kalamu, mkono hutetemeka."

Tulimkumbusha marehemu Gakaara wa Wanjau wa Karatina, si mbali na kwake. Wakoloni walimtia kizuizini mwaka 1952, wakamleta hata Manda, huku kwetu Lamu. Humo kizuizini aliandika shajara kwa siri. Kitabu cha shajara hiyo, kwa Kikuyu, hakikutoka ila mwaka 1983. Mwaka uliofuata kikapata Tuzo ya Noma. Shajara hiyo haikuanza kama kitabu. Ilianza na habari za siku moja.

Nawe, mama, usingoje hofu iondoke ndipo uanze. Keti na bibi baada ya Alasiri, useme Bismillahi, uandike jambo moja tu. Maandishi yenye makosa husahihishwa. Bibi akiondoka hajaulizwa, hapana litakalosahihishwa.

Wabillahi taufiki.