Sakafu ya bibi inalia, na mwenye kosa si msumari

Wiki nzima nilikuwa Ruaruke, kule Kibiti, kwa bibi yangu mzaa mama. Najua wengi mnangoja niandike siasa. Leo naandika sakafu. Msicheke kwanza.

Bibi anayo nyumba ya udongo kijijini, lakini ukifika msimu wa mpunga anaihama. Anakwenda kukaa shambani, kwenye dungu. Kwa ninyi mliozaliwa Sinza na Mikocheni: dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, kimo cha mtu na zaidi. Mkulima wa Rufiji analala humo, anaamia ndege, anafukuza nguruwe, na maji yakija yanapita chini yake. Mwaka 1968 serikali ilipoanza kuwahamisha watu wa bondeni na kuwapeleka kwenye vijiji vya ujamaa huko juu, dungu lilionekana ni ushamba. Lakini mpunga haukuhama, kwa hiyo na dungu halikufa.

Dungu la marehemu babu lilikwenda na mafuriko ya Aprili 2024, yale yaliyozamisha mashamba ya Rufiji na Kibiti. Tukajenga jingine. Hela ya mbao nilituma mimi, na ujuaji nao ulikuwa wangu. Sakafu ya babu ilikuwa ya fito zilizofungwa kwa kamba. Mimi nikasema, la, safari hii tuweke mbao za kununua, inchi moja kwa nane, tupigilie misumari, bibi alale kama mtu wa mjini.

Haikupita miezi mitatu ikaanza kulia. Ukikanyaga hapa, kwii. Ukigeuka kitandani, kwii. Bibi akafanya utani: "Mume wangu, umeniwekea mlinzi, mwizi hapandi humu nisimsikie." Nikacheka naye. Kicheko kiliisha siku mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alipokanyaga ncha ya ubao, msumari ukang'oka, ubao ukafyatuka, naye akaenda chini. Mkono ulivimba wiki mbili. Angeangukia kisiki, leo ningekuwa naandika tanzia.

Fundi alipoitwa alisema nini? "Ongeza misumari." Na hapo ndipo ninapogombana na mafundi wetu.

Sakafu hailii kwa uchache wa misumari. Inalia kwa sababu ubao unacheza. Ubao mbichi umejaa maji. Ukiupigilia ukiwa hivyo, utakaukia palepale, na ukikauka unasinyaa, zaidi kwenye upana kuliko urefu. Tundu la msumari linalegea, ubao unaachana na boriti iliyo chini yake. Ukikanyaga unashuka, ukiondoa mguu unapanda, unasugua msumari au ubao jirani. Ule mlio ndio huo. Sasa ukiongeza misumari kumi kwenye mti unaoendelea kusinyaa, umejiongezea mahali kumi pa kulia.

Nilirudi kwa aliyeniuzia, simtaji, maana wako wengi kama yeye. Nikamuuliza: hizi mbao zilipasuliwa lini? Akaniangalia kama nimemuuliza umri wa mkewe. Kwake mbao ina unene, upana na urefu. Ukavu haumo kwenye bei. Nashangaa nchi inayokagua uzito wa sukari kwenye mfuko inamwacha mtu auze maji ndani ya mbao. Kuzipanga kivulini, kuweka vijiti kati ya ubao na ubao hewa ipite, kungoja miezi: hiyo si teknolojia ya kuagiza Ulaya. Ni subira tu, na subira hakuna anayeilipia.

Kuna jambo linaniuma zaidi. Mbao zile zilikuwa za paina. Paina, jamani, Rufiji! Mti wa mashamba ya nyanda za juu, kama Sao Hill kule Mufindi, unashushwa hadi kwenye wilaya zenye mninga na mkongo. Mninga wetu uko wapi? Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 tulishangilia, na mimi nilikuwa mtoto nikashangilia. Magogo nayo yalishangilia. Ripoti ya TRAFFIC ya mwaka 2007 ilisema hadi asilimia 96 ya mapato ya ushuru wa mazao ya misitu yaliyostahili kukusanywa yalipotea. Ilisema pia kuwa China ilipokea mbao za Tanzania mara 10 ya zile zilizoandikwa kwenye kumbukumbu zetu za kuuza nje. Kwa hiyo sakafu ya mninga isiyolia ipo, ila haiko Ruaruke.

Na mikoko ya delta ni hifadhi ya serikali, kuikata kunataka kibali. Sipingi, mikoko ikiisha na kamba wameisha. Ila bibi anayetaka boriti mbili asifanywe jangili huku malori yakipita usiku.

Nilichofanya mwisho ni hiki. Nilimtembeza mdogo wangu juu ya sakafu hatua kwa hatua huku mimi niko chini na chaki, natia alama panapocheza. Pale penye mwanya kati ya boriti na ubao nikapenyeza kabari nyembamba ya mti mkavu, kwa mkono, bila kuigonga sana, maana ukizidisha unauinua ubao. Misumari iliyolegea nikaing'oa, nikatia skrubu. Penye mbao zinazosuguana nikapaka sabuni ya mche.

Zimebaki mbao mbili upande wa mlango, bado zinalia. Skrubu ziliniishia, na Kibiti nilikuta fupi tu. Bibi ameziwekea gunia la mpunga juu.