Wakili ni wa Nani?

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Mimi nimemwona mtu aliyekuwapo, tena kizimbani, na lake halikuwapo.

Alikuwa mwalimu kijana shuleni kwangu, hodari wa hesabu, ila pombe ilimshinda. Aliposhtakiwa kwa kumjeruhi mtu kilabuni, ndugu zake nami tulichanga fedha tukamweka wakili. Wakili huyo alikaa nasi saa nzima. Na mteja wake alizungumza naye dakika chache tu mlangoni mwa mahakama. Kisha akatuambia, "Tuseme ana wazimu, yaishe." Tukakubali, na mimi nilikuwa wa kwanza.

Hayakwisha. Ulevi si wazimu, na Kanuni ya Adhabu ya Tanzania haikubali ulevi kuwa utetezi ila kwa masharti machache. Tena, kwa Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, mahakama ikitilia shaka akili ya mshtakiwa yaweza kuagiza achunguzwe, kama wanavyochunguzwa wengi huko Isanga, Dodoma. Ikionekana alitenda kosa akiwa na wazimu, haendi nyumbani siku hiyo; huzuiliwa kama mgonjwa, bila hesabu ya miaka kama ile ya mfungwa. Njia hiyo imewekwa kwa wagonjwa wa kweli. Kijana yule hakuambiwa inakoelekea.

Miezi ilipita, daktari akamwona ana akili timamu, kesi ikaanza upya. Alipokuja kwangu baadaye aliniuliza neno moja tu: "Mwalimu, kuna mtu yeyote aliyeniuliza ilikuwaje?" Kumbe mwenzake ndiye aliyeanza kumpiga, na watu waliona. Lakini mashahidi hao walikuwa wamekwisha tawanyika.

Wapo watakaosema kwamba mgonjwa au mlevi hajui linalomfaa. La hasha! Mlevi ana asubuhi yake, na mgonjwa ana saa zake za utulivu. Kazi ya wakili ni kuitafuta saa hiyo, kueleza polepole, kurudia, na kusikiliza. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Hata kisingizio cha Kiingereza kimepungua nguvu. Na ikiwa kweli mteja haelewi, wakili aombe daktari mbele ya hakimu, si kunong'onezana na jamaa. Siri za ugonjwa ni za mteja, hata kama ada imetoka mfukoni mwa mjomba.

Nathubutu kusema kwamba wakili anayepokea maagizo kwa mlipaji hamtetei mteja. Anawaondolea jamaa aibu yao. Basi, mawakili, mwoneni mteja kwanza, peke yake. Nasi tunaolipa tukae nje tungoje. Mimi sikungoja, na swali la kijana yule sijapata la kulijibu hata leo.