Kinanda Bila Fundi ni Pambo Tu

Wapenzi wengi wa muziki hudhani kwamba gharama ya ala huishia dukani, siku mnunuzi anapolipa pesa zake na kuondoka na mzigo wake. Si kweli kwa ala yoyote, na si kweli hata kidogo kwa sinthesaiza za zamani, yaani vile vinanda vya umeme vya miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980 ambavyo sauti yake huundwa na mikondo ya umeme yenyewe, wala si kwa hesabu za kompyuta. Siku hizi vinanda hivyo vinatafutwa sana Marekani, Ulaya na Japani, na bei zake zimepanda. Lakini anayekinunua hununua na deni lake.

Tuchukue mfano wa Korg Polysix, kilichotoka Japani mwaka 1981. Kinanda hiki huhifadhi sauti 32 zilizotengenezwa na mchezaji. Ili zisipotee umeme unapozimwa, ndani yake iliwekwa betri ndogo ya kuchajiwa. Betri hiyo ikizeeka huvuja, na maji yake makali hula njia nyembamba za shaba zinazopitisha umeme. Mwenyewe huenda asijue lolote mpaka siku kinanda kinapoacha kumtii. Kubadili betri mapema ni kazi ya muda mfupi na ya pesa chache. Kuiacha ivuje ni kumtaka fundi aziunge njia hizo moja moja kwa waya na risasi. Wahenga hawakukosea: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na hiyo ni betri tu. Prophet-5, kilichotolewa Marekani mwaka 1978, kina sauti tano, na kila sauti ina saketi zake. Faida yake ni kwamba mchezaji aweza kubonyeza vitufe vitano kwa pamoja na vyote vikalia. Hasara yake ni kwamba vya kuharibika navyo ni mara tano. Kapasita hukauka, swichi huchakaa, na joto la chumba pekee laweza kuzitoa sauti katika mlingano wake.

Hata hivyo, kilicho adimu kuliko vipuri vyote ni fundi mwenyewe. Hapa yafaa tukumbuke habari ya TONTO, mtambo mkubwa ulioanza kuundwa na Malcolm Cecil na Robert Margouleff mwishoni mwa miaka ya 1960, na ambao Stevie Wonder aliutumia katika sahani zake Talking Book ya mwaka 1972 na Innervisions ya mwaka 1973. Mwaka 2013 mtambo huo ulinunuliwa na kituo cha taifa cha muziki cha Kanada, mjini Calgary. Haukuweza kupigwa mpaka mwaka 2018, baada ya kazi ndefu ya fundi John Leimseider. Mwaka huohuo Leimseider alifariki, na Cecil akamfuata mwaka 2021. Mtambo ungalipo. Je, ujuzi wao uko mikononi mwa nani?

Wako wasemao kwamba taabu hii yote ni ya bure, kwani kompyuta yaweza kuziiga sauti hizo kwa gharama ndogo. Kwa mtu anayetaka kurekodi wimbo wake, hatuwapingi. Lakini mwigo hupimwa kwa asili yake. Asili ikishanyamaza, nani atajua kama mwigo umepotoka?

Wala vipuri si jambo lisilo na dawa. Mwaka 2016 kampuni ya Curtis ilirudi kutengeneza chipu ya CEM3340, ambayo ndiyo chanzo cha sauti katika Prophet-5 za toleo la tatu. Penye wanunuzi, kiwanda huweza kufunguliwa tena. Fundi hafufuliwi hivyo.

Kwa hiyo twaonelea kwamba kila mwenye kinanda cha aina hii, awe mtu binafsi au jumba la makumbusho, atenge fedha za kukitunza tangu siku anapokinunua, wala asingoje kinyamaze. Pili, fundi alipwe kadiri ya ujuzi wake. Msomaji aliyewahi kukaa kando ya fundi wa redio anajua kwamba kazi kubwa ni kuitafuta kasoro, si kuiondoa. Lakini mteja huona kipuri cha shilingi chache na kulalamika kwamba ameibiwa. Tatu, na hili ndilo kubwa, kila fundi mzee apewe kijana wa kumfundisha, na wenye vinanda wachangie gharama hiyo.

Fedha zitakazotumika kumfundisha kijana mmoja zaweza kuokoa vinanda vingi. Zikikosekana, vinanda hivyo vitabaki kupanguswa vumbi na kutazamwa.