Barua Isiyo na Stempu



Kijana mmoja wa kidato cha pili ameniletea maswali mawili katika barua moja. La kwanza ni hili: ameona kitabuni picha ya barua iliyoandikwa Amerika mwaka 1768, zama za utawala wa Kiingereza, na chini yake imeelezwa kuwa ni barua adimu inayotafutwa sana na wakusanyaji. Lakini haina stempu hata moja. Je, imebanduliwa? Na ikiwa imebanduliwa, mbona ingali na thamani? Swali la pili ni la nyumbani kwao. Bibi yake ana sanduku lililojaa bahasha za zamani, naye ataka kujua kama maji ya kubandulia stempu yawe ya moto au ya baridi.

Nitaanza na la kwanza, kwa kuwa jibu lake ndilo litakalojibu la pili.

Hakuna aliyeibandua stempu ile, kwani haikuwako. Stempu ya gundi ilianza kutumika Uingereza tarehe 6 Mei 1840, na serikali ya Marekani ikatoa zake za kwanza mwaka 1847. Kabla ya hapo hata bahasha ilikuwa kitu cha nadra. Mtu aliandika barua yake, akaikunja karatasi ile ile mara kadhaa, akaifunga kwa lakiri, kisha akaandika jina la mpelekewa upande wa nje. Ada aghalabu ililipwa na mpokeaji. Kwa hiyo mtu aliweza kuletewa barua asiyoitarajia, naye akalazimika kutoa fedha kabla ya kujua imebeba heri au shari.

Posta yenyewe ilikua polepole. Mwaka 1639 baraza la Massachusetts liliamuru kwamba barua zitokazo ng'ambo zipokelewe nyumbani kwa Richard Fairbanks mjini Boston, naye apewe peni moja kwa kila barua. Mwezi wa Januari 1673 mpanda farasi wa kwanza alitumwa kutoka New York kwenda Boston, lakini huduma ile haikudumu. Mwaka 1692 Mfalme na Malkia wa Uingereza walimpa bwana mmoja, Thomas Neale, haki ya kuendesha posta katika makoloni yale; mwenyewe hakukanyaga Amerika hata siku moja, na alikufa akiwa na madeni. Serikali ikaichukua kazi hiyo, na sheria ya mwaka 1711 ikaweka viwango vya ada.

Sasa tutazame uso wa barua, maana hapo ndipo utamu ulipo. Mwaka 1661 mkuu wa posta ya Uingereza, Henry Bishop, alianzisha muhuri mdogo wa duara uliogawanywa kwa mstari katikati: nusu moja ina herufi mbili za mwezi, nusu ya pili ina tarehe. Nia yake ilikuwa kuwabana makarani waliochelewesha barua. Muhuri wa namna hiyo ulivuka bahari ukatumika pia katika miji mikubwa ya Amerika, kama New York na Philadelphia, pamoja na mihuri yenye jina la mji. Mahali pengi hapakuwa na muhuri wowote. Karani aliandika kifupi cha jina la mji kwa kalamu, na kando yake kiasi cha ada. Angalia jambo moja: muhuri wa duara hauonyeshi mwaka. Atakaye kuujua mwaka hana budi kuifungua barua na kusoma tarehe aliyoiandika mwandishi mwenyewe.

Katika tarakimu zile za ada, mgeni hupotea kabisa. Ataona, mathalani, 2.16, akadhani ni shilingi mbili na peni kumi na sita. Sivyo. Kila koloni lilikuwa na hesabu yake ya fedha: dola ile ile ya Kihispania ilihesabiwa shilingi 6 huko Massachusetts na shilingi 8 huko New York. Posta isingeweza kufanya kazi katika vurugu hilo, kwa hiyo iliandika ada kwa uzito wa fedha halisi, yaani madini yenyewe. Kipimo kilikuwa peniweti, ambayo ni sehemu moja ya 20 ya wakia ya masonara, na kila peniweti ina chembe 24. Peniweti moja ilihesabiwa kuwa sawa na peni 3 za Uingereza. Basi 2.16 ni peniweti 2 na chembe 16, yaani peni 8. Mpokeaji alilipa kwa fedha ya koloni lake kiasi kinacholingana na uzito huo.

Kwa sheria ya mwaka 1765, barua ya karatasi moja ililipiwa peni 4 ikiwa safari haikuzidi maili 60, peni 6 mpaka maili 100, na peni 8 mpaka maili 200. Barua ya karatasi mbili ililipiwa maradufu. (Sheria hii ya ada za posta isichanganywe na ile ya stempu ya mwaka huo huo, iliyowakasirisha sana watu wa Amerika, hiyo ilihusu magazeti na hati za kisheria, nayo ikafutwa mwaka 1766.) Kwa hiyo alama ya 2.16 yaweza kuwa ya karatasi moja iliyosafiri zaidi ya maili 100, au ya karatasi mbili zilizosafiri chini ya maili 60. Utajuaje? Kwa kutazama barua nzima. Na ikiwa mtu aliwahi kuitupa ile karatasi ya ndani kwa kudhani haina kazi, tarakimu zile zimekuwa fumbo, isipokuwa majina ya miji yamesalia upande wa nje.

Barua nzima ndiyo pia kinga dhidi ya walaghai. Katika karne ya 19 aliishi Philadelphia mtu mmoja mzaliwa wa Uingereza, Robert Spring, aliyepata riziki yake kwa kughushi maandishi ya George Washington na wakubwa wengine. Alikata kurasa tupu za vitabu vya kale ili apate karatasi ya umri ufaao, na akaitia rangi ya uzee kwa kahawa. Mghushi hodari huiga mkono na wino, lakini huenda akajikwaa katika kalenda. Uingereza na makoloni yake yalibadili kalenda mwaka 1752: baada ya tarehe 2 Septemba ikaja tarehe 14. Mtu akikuonyesha barua iliyoandikwa Boston tarehe 8 Septemba 1752, mrudishie kwa adabu. Kadhalika, kabla ya badiliko hilo mwaka mpya ulianza tarehe 25 Machi, ndiyo sababu barua nyingi za Januari na Februari zina miaka miwili iliyotengwa kwa mstari, kama 1740/41. Hilo si kosa la mwandishi.

Wakusanyaji wenye uwezo hupenda sana barua zenye saini ya Benjamin Franklin. Alikuwa mkuu wa posta wa Philadelphia tangu mwaka 1737, na mwaka 1753 akawa mmoja wa wakuu wawili wa posta ya makoloni yote. Kwa cheo hicho barua zake zilipita bila ada, mradi atie saini na neno la kuonyesha ni za bure. Serikali ya Uingereza ilimfukuza kazi mwaka 1774, tena kwa sababu ya barua, maana alikuwa amepeleka Boston barua za siri za gavana Hutchinson. Mwezi wa Julai 1775 Bunge la wapigania uhuru likamfanya mkuu wa posta yao wenyewe, na Desemba mwaka huo posta ya Mfalme ikasimamisha safari zake za nchi kavu.

Lakini kama ningeulizwa ni barua zipi za zama hizo ningependa kuzishika mkononi, nisingetaja za Franklin. Mwaka 1761 alishushwa Boston mtoto wa kike wa Kiafrika, mwenye umri wa miaka saba au minane, akauzwa. Alipewa jina la meli iliyomleta, Phillis, na jina la ukoo la waliomnunua, Wheatley. Mwaka 1773 kitabu chake cha mashairi kilichapishwa London. Phillis alikuwa na rafiki, Obour Tanner, mwanamke mwingine wa Kiafrika aliyekuwa utumwani mjini Newport, katika Rhode Island, nao waliandikiana barua. Ada ya posta haikuwa jambo jepesi kwa watu wa hali yao. Walitafuta mtu aliyekuwa na safari, na katika barua moja Phillis anamsifu kijana aliyemkabidhi aifikishe.

Barua ya namna hii, mkusanyaji wa mihuri angeipita. Haina duara, haina 2.16. Obour Tanner alizitunza hizo alizozipokea mpaka uzeeni, na kabla ya kufa akazikabidhi kwa mke wa mchungaji wa pale. Nyingi sasa zimo katika hifadhi ya Jumuiya ya Historia ya Massachusetts mjini Boston. Moja, ya Februari 1776, iliuzwa mnadani mwaka 2005 kwa zaidi ya dola 250,000. Asante ni ya mwanamke yule wa Newport, ambaye hakuwa na hifadhi wala kabati la chuma.

Sasa nirudi kwa kijana wetu na sanduku la bibi yake, na hapa sina budi kukiri kosa langu.

Babu yangu alifanya kazi ya reli Mombasa, na bibi alibaki Jinja. Barua zake bibi alizifunga kwa utepe wa nguo. Nilipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja nilizipata, nikakata stempu zote kwa mkasi: za twiga, za bwawa la Owen Falls, zote. Bahasha nikazitumia kuwashia jiko. Zile stempu nilizibadilisha shuleni kwa za Uswisi, nikajiona tajiri. Barua zenyewe bibi alizirudisha katika utepe wake bila kunipiga.

Miaka ilipita. Babu alipofariki kukazuka mzozo juu ya kiwanja kilicho karibu na mto. Barua moja ya babu yasema kiwanja aachiwe dada yake. Nyingine, ya mwaka 1959, yasema kiuzwe. Ipi ilitangulia? Ile ya kwanza, juu yake, imeandikwa "Jumatano jioni" tu. Tarehe ilikuwa katika muhuri wa posta, na muhuri ulikuwa juu ya stempu, na stempu niliikata mimi. Wazee waliketi siku mbili, wakakigawa kiwanja nusu kwa nusu, na hata leo pande zote mbili husalimiana kwa shida.

Kwa hiyo, mwanangu, maji yasiwe ya moto wala ya baridi. Weka kila barua na bahasha yake. Ikiwa ni lazima uandike jambo, liandike nyuma kwa penseli, kidogo, pembeni. Usitumie utepe wa gundi kuunganisha palipochanika, maana gundi hiyo hugeuka manjano na kuila karatasi. Barua iliyokunjwa muda mrefu ifunguliwe taratibu, mara moja, ipigwe picha pande zote mbili, na isikunjwe tena ikiwa kuna nafasi ya kuilaza. Sanduku liwe mbali na jua na unyevu, nawe ulikague kila mwezi kwa ajili ya mchwa na mende. Zaidi ya yote, keti na bibi yako akueleze kila barua ilitoka kwa nani, uandike majina hayo katika daftari, maana hilo hakuna muhuri utakaokueleza.

Ukitaka stempu za kubandua, waombe makarani wa ofisi bahasha wanazozitupa. Mimi mwenyewe ofisini kwetu huzipata nyingi kila Ijumaa.

Juma lijalo tutazungumza juu ya picha za zamani zinazopauka ukutani.