Tusingoje Mahafali, Twendeni Tukawaone Watoto Kampala



Wazazi wenzangu wa Bwera, Mpondwe na Kasese kwa jumla, leo nina neno nanyi, na lawama ya kwanza najitupia mwenyewe.

Sisi tukishampeleka mtoto chuo kikuu Kampala tunaona kazi imekwisha. Pesa tunatuma kwa simu. Unga wa muhogo tunampa mtu wa basi. Kisha tunangoja siku ya mahafali, ndipo tunakodi gari zima na kwenda na mashangazi wote kupiga picha. Miaka yote ya katikati hakuna anayekanyaga kule. Nami nilikuwa hivyo hivyo mpaka mwaka jana, nilipopanda basi la usiku kwenda kumtembelea binti yangu anayesoma Makerere. (Wazee wetu waliwahi kwenda kwa garimoshi, reli ilipofika Kasese mwaka 1956. Siku hizi ni basi tu, na miguu huvimba.)

Nilipofika hosteli nikasikia mwenzake mmoja akisema, "Kumbe ndiye baba yako wa Fort Portal!" Nikanyamaza. Tulipobaki wawili nikamwuliza, mwanangu, Fort Portal tulihamia lini? Akainama. Akasema, "Baba, nikitaja Bwera, na huu mtandio kichwani, wananiuliza habari za wale wa msituni. Nimechoka kujibu."

Ndugu zangu, neno hilo liliniuma. Usiku wa 16 Juni 2023 waasi wa ADF walivamia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha hapa Mpondwe wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi waliokuwa mabwenini. Waliolia ni sisi. Mazishi yalikuwa yetu, Waislamu na Wakristo pamoja. Leo mtoto wa mji huo huo, mji uliofiwa, anaona haya kuutaja, na mimi baba yake sina habari kwa sababu kila Ijumaa namwuliza kwa simu kama amekula!

Siku ya pili nikamwambia anitembeze. Akaniomba tuende na anayelala naye chumba kimoja, binti Msabato wa Kasese. Tukaenda Msikiti wa Taifa pale Old Kampala, kilima ambacho Lugard alijenga ngome yake mwaka 1890. Wageni wa dini zote hupokewa pale, na binti yule akaazimwa vazi la kujisitiri. Mnara una ngazi zaidi ya 300, magoti yangu ni mashahidi. Juu kule unauona mji wote: Kibuli na msikiti wake, Namirembe ya Waanglikana, Rubaga ya Wakatoliki, na upande wa pili Makerere. Mji umejengwa hivyo, kila kilima na watu wake, na bondeni wote wanakutana sokoni. Tukashuka Kisenyi kula wali kwa Wasomali, na pale Kiswahili chetu cha mpakani kikatufaa kuliko Kiingereza cha mabinti.

Wapo wazee wanaosema mchanganyiko huo ndio unaoharibu watoto, heri wabaki nyumbani au wasome na wenzao tu. Mimi sikubali. Chuo Kikuu cha Kiislamu kilichofunguliwa Mbale mwaka 1988 ni fahari yetu, lakini hata kile hupokea wasio Waislamu. Na Bwera yenyewe je? Siku za soko la Mpondwe, Jumanne na Ijumaa, nani hauziani na Mkongo, Mlokole na Msabato? Makerere ilianza mwaka 1922 na wavulana 14 wakifundishwa useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo, na wasichana wakaingia mwaka 1945. Tungesikiliza woga, binti zetu wasingekuwapo pale hata leo.

Tena chuo hakimpendelei mtu. Wanafunzi Wasabato walipodai wasifanye masomo na mitihani Jumamosi, kesi ilifika Mahakama ya Juu, na mwaka 2006 wakashindwa. Nasi Ijumaa yetu mtoto lazima ajipange mwenyewe. Yule binti Msabato anayajua hayo vizuri, na Ramadhani yeye ndiye humwamsha mwanangu kwa daku, maana wa kwangu usingizi wake ni wa gogo.

Linaloharibu watoto, kwa maoni yangu, ni upweke. Mtoto anayebeba swali zito peke yake mjini atajificha, na akizoea kujificha kwa jina la mji wake atajificha na kwa mengine. Nauli si ndogo, najua. Lakini wazazi watatu wanne wa mtaa mmoja wanaweza kupeana zamu, na anayekwenda akawaona watoto wa wote, akakaa siku mbili, akala wanachokula, akaswali nao msikiti wa chuo.

Asubuhi ya kuondoka, binti yangu alinisindikiza kituo cha mabasi pamoja na wenzake wanne. Mmoja akauliza basi la baba linakwenda wapi. Nikamwachia ajibu mwenyewe. Akanitazama kwanza, kisha akasema, "Bwera. Kwetu ni Bwera." Wakaanza kumwuliza maswali, na basi likaondoka wakiwa bado wanaongea.

Muhula ujao ni zamu ya mama yake, inshaallah. Nani wa mtaa wa kwetu anakwenda naye?

Wabillahi tawfiq.