Mionzi Baada ya Kisu

Saratani ya titi iliyo bado ndani ya mifereji ya maziwa ni adui ambaye hajavuka mpaka. Katika uchunguzi ulioanza Marekani mwaka 1985, wanawake 818 wenye hali hiyo walikatwa sehemu iliyoathirika tu, titi likasalia. Takriban nusu yao wakaongezewa mionzi. Matokeo, yaliyotangazwa mwaka 1993 na kuthibitishwa baadaye, ni kwamba mionzi hupunguza kwa kiasi cha nusu kurudi kwa ugonjwa katika titi lile lile. Vifo, hata hivyo, havikupungua. Mgonjwa hana budi kuelezwa yote mawili, hasa mama ambaye mionzi kwake ni majuma kadhaa ya kuishi mbali na nyumbani.